Dawa ya Kifafa Isiachwe Njiani

Kuna ugonjwa ambao watu wengi huogopa hata kuutaja. Mgonjwa huanguka ghafula, viungo vyake hutetemeka, macho hugeuka, povu humtoka kinywani. Huo ndio kifafa. Iwe hapa Kampene, iwe Kindu au nchi za mbali, mtu akianguka hivyo mbele ya watu, wako wanaokimbia. Husema povu lile laambukiza, au mgonjwa amelogwa. Si kweli. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Shirika la Afya Duniani lahesabu wagonjwa wa kifafa kuwa karibu milioni 50, tena lasema kwamba hata watu 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepata dawa ifaayo na kuifuata.

Neno hilo, kuifuata, ndilo tunalotaka kulieleza leo. Maana kupata dawa ni jambo moja, na kudumu nayo ni jambo jingine.

Dawa inayotumika sana katika hospitali za Afrika huitwa fenobabitali. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alionyesha mwaka 1912 kwamba yazuia kifafa. Bei yake ni ndogo, na kwa kawaida humezwa mara moja tu kwa siku, wakati wa kulala. Lakini haifanyi kazi kama dawa ya malaria, ambayo mtu huimeza siku chache akaimaliza. Kazi yake ni kuutuliza ubongo siku kwa siku. Ni kama paa la nyumba: mvua ikiwa haiingii tena ndani, hatusemi kwamba paa halina kazi, tukaling'oa.

Basi, dawa iwezayo kuutuliza ubongo huweza pia kuleta maudhi. Sisi walimu twaweza kumwona mwanafunzi aliyeanza fenobabitali akisinzia juu ya daftari lake. Mwingine, hasa mtoto mdogo, huwa kinyume: hatulii, hukasirika upesi, hasikii. Asiyejua atamwita wa kwanza mvivu na wa pili mkaidi. Mzazi naye, akimhurumia mtoto, huona afadhali kuitupa dawa. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyeizoea fenobabitali akiiacha ghafula, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko zamani, degedege moja likifuata jingine bila mgonjwa kuzinduka, na hali hiyo huua. Kumbe usingizi ule mara nyingi hupungua baada ya majuma machache, na usipopungua, daktari aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa polepole.

Mfano wa kweli tunao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Wagonjwa walikuwa wakitengwa na jamaa zao, na wengine walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafigani. Wengi wao walipewa fenobabitali. Kufika mwaka 1971 wagonjwa 164 walikuwa wakitibiwa kwa utaratibu. Katika hao, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka, na wengine wengi walipata nafuu.

Baadaye usimamizi wa kliniki ulikatika, na dawa zikawa hazifiki sawasawa. Habari za wagonjwa wale 164 zilipochunguzwa miaka 30 baada ya kliniki kufunguliwa, 110 walikuwa wamekwisha kufa. Kweli, miaka 30 ni mingi, wala si wote waliokufa kwa kukosa dawa. Lakini katika wale ambao sababu ya kifo chao ilijulikana, zaidi ya nusu walikufa kwa mambo ya kifafa chenyewe: degedege la mfululizo, kuzama majini, kuungua moto.

Ziko dawa nyingine, na kila moja ina maudhi yake. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi na kumfanya mtu apepesuke. Kabamazepini huleta kizunguzungu, na pengine mtu huona vitu viwili viwili. Valproati huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke au msichana anayeimeza amwone daktari mapema, kabla ya kufikiri mimba, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mgonjwa na jamaa zake wafanyeje? Kwanza, waandike katika daftari siku za kuanguka na kila jambo geni waonalo, wampelekee daktari. Pili, ngozi ikitoka vipele, au kinywa kikiota vidonda, waende hospitali siku ile ile, maana hiyo yaweza kuwa ishara ya hatari. Tatu, mgonjwa asiguse lutuku wala pombe nyingine: pombe huongeza usingizi wa dawa na huamsha kifafa. Nne, vidonge vitafutwe kabla havijaisha. Njia zetu wakati wa mvua kila mtu azijua. Gari laweza kukwama siku nyingi, lakini kifafa hakingoji gari. Hapo ndipo jumuiya za Kikristo zaweza kusaidia: anayesafiri amuulize jirani mwenye mgonjwa kama anahitaji kuletewa dawa yake, achukue na karatasi ya daktari.

Injili yasimulia habari za baba aliyemleta kwa Yesu mwanawe aliyekuwa akianguka mara motoni, mara majini. Baba yule hakumficha mtoto wake. Na kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu na kusali pia. Sala na dawa hazigombani. Basi, ninyi mnaomtunza mgonjwa wa kifafa, hesabuni vidonge vyake leo jioni. Vikiwa vimebaki vya majuma mawili tu, safari ya hospitali na ianze.