Mvua ikinyesha, uwanja wako unameza maji kiasi gani?

Masika yakikaribia, wazazi wengi wa Dar es Salaam tunatazama mawingu. Tungetazama na chini pia. Maji hayajai uani kwa sababu ya ukubwa wa mvua peke yake. Yanajaa pale mvua inapoizidi kasi ardhi, na kuanzia hapo kinachobaki juu hutafuta pa kwenda. Katika mitaa yetu iliyobanana, njia hiyo mara nyingi hupita chooni kwanza ndipo ifike mlangoni.

Sitii chumvi. Kaya nyingi jijini zinatumia vyoo vya shimo, na wapo wanaosubiri mvua kubwa ili "watapishe" choo, yaani watoboe ukuta wa shimo na kuacha kinyesi kiende na maji kwa jirani. Mtoto anayechezea maji hayo anaweza kuokota kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara kwa kawaida. Akitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, viluwiluwi vya minyoo aina ya safura hupenya ngozi ya nyayo. Ndiyo maana swali la maji yataanza kutiririka saa ngapi linamhusu mzazi, si injinia peke yake.

Jibu la kukadiria unaweza kulipata kwa kopo tupu la maziwa ya mtoto na rula ya shule. Kata kitako cha kopo libaki wazi pande zote mbili, lichomeke ardhini kama sentimita 5, kisha mimina maji. Usipime mara ya kwanza, kwa kuwa udongo mkavu huwa na kiu na hunywa upesi kuliko kawaida yake. Yakiisha, jaza tena. Safari ya tatu ndiyo upime: kwa nusu saa maji yameshuka milimita ngapi? Zidisha mara mbili upate kiwango cha saa nzima.

Nilijaribu nyumbani sehemu mbili. Chini ya mwembe, penye majani makavu, maji yalishuka milimita 15 kwa nusu saa, yaani 30 kwa saa. Karibu na mlango wa jikoni, panapofagiliwa kila asubuhi na kukanyagwa na kila mtu, yalishuka milimita 4 tu. Udongo ni uleule. Tofauti ni kwamba pale jikoni umeshindiliwa, na matone ya mvua yakipiga ardhi tupu huziba vitundu vya juu. Uwanja mweupe unaosifiwa kwa usafi ndio unaomeza kidogo. (Mama yangu hakufurahia habari hii.)

Sasa ifikirie mvua ya milimita 20 kwa saa. Pale jikoni ardhi inameza 8, zinabaki 12, sawa na milimita moja kila dakika 5. Vishimo vidogo vya uani vikishika kama milimita 3, maji yataanza kutembea baada ya robo saa hivi. Kama ardhi ilikuwa kavu kabisa, utapata nafasi zaidi. Kama ilinyesha jana, usitegemee nafasi hiyo.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 30 utatoa lita 360 kwa saa hiyo, ndoo 18 za lita 20. Bati halimezi kitu: paa la mita za mraba 60 litamwaga lita 1,200, yaani ndoo 60. Mara nyingi adui mkubwa yuko juu ya vichwa vyetu, na mfereji wa bati unaoingiza maji kwenye tangi unasaidia kuliko kuchimba uwanja mzima.

Kopo lina upendeleo wake. Sehemu ya maji hutoroka pembeni chini ya udongo, hivyo hukuonesha ardhi inameza zaidi ya ukweli. Wataalamu hutumia pete mbili, moja ndani ya nyingine, kupunguza kosa hilo. Wewe chukulia tu kwamba hali halisi ni mbaya kidogo kuliko namba yako.

Tena kipimo hiki hakifai kila mahali. Udongo wa kichanga humeza zaidi ya milimita 30 kwa saa, mfinyanzi 1 hadi 5, lakini anayeishi bondeni anaweza kuwa na kichanga kizuri na bado akafurika. Maji ya ardhini yako karibu, na udongo ukishajaa hauna pa kuyaweka mengine. Bonde la Msimbazi lilituonesha hayo Desemba 2011, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 40 jijini. Kwa wakazi wa bondeni, kuchimba shimo la kunyonya maji ni kazi bure, na likiwa jirani na kisima au choo ni hatari.

Kwa wengine wote, ukishajua dakika zako, zitumie. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, funika maji ya kunywa na uyainue juu kabla hayajaanza kutembea. Waite watoto ndani, hasa walio karibu na mitaro. Mvua ikiisha, chemsha au tibu maji ya kisima hata kama yanaonekana safi, na mtoto asitoke bila viatu. Akianza kuharisha majimaji, mpe ORS papo hapo huku mkielekea kituo cha afya.