KITAKO CHA MFUKO WA GOFU: KIGUMU NA CHA BEI NAFUU

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Mmoja wa darasa ayasome kwa sauti, na wenzake wafuatishe katika karatasi zao.

Wekeni tayari kalamu ya risasi, rula na karatasi, maana leo tutasoma, tutapima, na tutafanya hesabu.

Leo tutajifunza kutengeneza kitako cha mfuko wa gofu. Labda wewe unauliza, "Mimi sichezi gofu. Mfuko huo unanihusu nini?" Swali lako ni zuri. Wanaocheza ni wachache, lakini wanaopata riziki kwa mchezo huo ni wengi. Wako wachukuzi wanaobeba mifuko, wako wanaokata majani, na wako mafundi wanaoshona na kutengeneza. Mchezo huu si mgeni tena katika nchi zetu. Kiwanja cha Entebbe, Uganda, kilianza mwaka 1901, na chama cha gofu cha Nairobi kiliundwa mwaka 1906. Penye mchezo pana mifuko, na penye mifuko pana vitako vilivyotoboka. Fundi anayejua kuvitengeneza hakosi kazi.

Tena, ukijua kutengeneza kitako hiki, utajua pia kutengeneza kitako cha mkoba wa vyombo vya seremala, na cha mfuko wowote wa turubai unaobeba vitu vizito.

KWA NINI KITAKO HUTOBOKA

Kabla ya kutibu ugonjwa, yafaa tujue umetoka wapi.

Zamani mchukuzi alibeba fimbo za gofu kwapani. Mifuko ilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi fimbo hutiwa katika mfuko mrefu, na chama cha St Andrews, Uskochi, kiliweka sharti mwaka 1939 kwamba mchezaji asiwe na fimbo zaidi ya 14. Sharti hilo lingalipo. Sasa tufanye hesabu. Tukichukua kwamba fimbo moja ina uzito wa gramu 400:

14 × 400 = 5,600.

Gramu 5,600 ni kilo 5 na gramu 600. Hizo ni fimbo peke yake. Ongeza mfuko wenyewe, mipira, mwavuli na chupa ya maji. Mzigo wote waweza kupita kilo 10.

Mzigo huo hautulii. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na kila mchezaji anapofika kwenye mpira wake mchukuzi huutua mfuko chini. Tuseme anautua mara 3 kwa kila shimo. 3 × 18 = 54. Akienda kiwanjani siku 4 kwa juma, 54 × 4 = 216. Yaani kitako kinagonga ardhi mara 216 kwa juma moja, na kilo 10 ziko juu yake.

Mambo matatu hukiua kitako. Jambo la kwanza ni kusuguliwa na mchanga, kokoto na saruji. Jambo la pili ni maji. Umande wa asubuhi huingia katika kitambaa na nyuzi, navyo huoza. Jambo la tatu ni kugongwa kutoka ndani, kwa sababu fimbo zikirudishwa mfukoni, ncha za mikono yake hupiga kitako kama mchi katika kinu.

Zaidi ya hayo, angalieni mfuko wa zamani. Katikati ya kitako hapana alama kubwa. Palipokwisha ni ukingoni. Mtu anapotua mfuko, huutua kwa upande, na ukingo hutangulia. Kumbukeni neno hili: panapokwisha ni ukingoni. Kazi yetu yote ya leo imesimama juu ya neno hili.

KUCHAGUA VITU VYA KUTUMIA

Wengine hutumia mbao tupu. Mbao ni ngumu, lakini hunywa maji, huvimba, na kupasuka. Wengine hutumia bati. Bati hushika kutu, hupiga kelele, na makali yake hukata turubai. Wengine hutumia mpira mtupu. Mpira hauogopi maji wala kokoto, lakini hulegea, na mzigo ukikaa juu yake unabonyea katikati kama machela.

Basi tufanyeje? Tugawe kazi. Mbao zichukue mzigo, na mpira uguse ardhi. Ndivyo kilivyo kiatu: soli hukanyaga chini, ngozi hushika mguu. Kila kimoja kina kazi yake.

Mpira wetu tutaupata katika tairi kuukuu la gari. Mafundi wa viatu wanaujua vizuri. Kwa mpira huo hutengeneza vile viatu ambavyo Kenya huitwa akala na Tanzania huitwa katambuga. Lakini sikilizeni sana hapa. Chini ya sehemu ya tairi inayokanyaga barabara mna nyaya za chuma katika matairi mengi ya siku hizi. Ukingoni panapokaa rimu mna waya pia. Msitumie sehemu hizo. Tumieni ubavu wa tairi la gari dogo. Ubavu wa tairi la lori waweza kuwa na nyaya, basi uacheni.

Orodha ya vitu ni hii:

1. Plaiwudi yenye unene wa milimita 12.
2. Ubavu wa tairi la gari dogo.
3. Mpira wa ndani wa gari, ule wa kujazwa upepo.
4. Skrubu 12 za mbao, na washa 12 pana.
5. Misumari midogo ya viatu, urefu wa milimita 10.
6. Gundi ya mpira, kama ile ya kuzibia viraka.
7. Uzi mgumu uliopakwa nta.
8. Rangi ya mafuta kidogo.

Vyombo ni msumeno, kisu kikali, msharasi, nyundo, bisibisi na keke ya kutobolea.

KUPIMA

Ng'oa kitako cha zamani. Kata kitambaa kilichooza mpaka ufike penye turubai zima. Osha, kisha anika mpaka pakauke kabisa, maana gundi haishiki penye unyevu wala vumbi.

Sasa pima upana wa mfuko kwa ndani, kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukipita katikati. Kipimo hicho huitwa kipenyo. Tuseme kipenyo ni sentimita 21. Kama wako una kipimo kingine, tumia chako.

Urefu wa kuzunguka duara huitwa mzingo. Kanuni yake ni kuzidisha kipenyo kwa 22, kisha kugawanya kwa 7:

21 × 22 = 462. 462 ÷ 7 = 66.

Basi mzingo wa mfuko wetu ni sentimita 66. Andikeni: 66. Tutaihitaji namba hii bado kitambo kidogo.

KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza ni mbao. Kama huna bikari, piga msumari katikati ya plaiwudi, funga uzi, na ufunge kalamu kwenye uzi huo sentimita 10 na nusu kutoka msumarini. Zungusha. Umepata duara lenye kipenyo cha sentimita 21. Likate kwa msumeno, na ulisugue ukingo kwa msasa mpaka uwe laini. Toboa matundu 3 karibu na katikati, kila moja milimita 8, ili maji yapate njia ya kutoka. Kisha paka rangi mara mbili: juu, chini, ukingoni, na ndani ya matundu. Ukiacha sehemu bila rangi, maji yataingia hapo hapo. Acha ikauke baada ya kila mpako.

Rangi ikikauka, kata duara la mpira wa ndani, uligandishe juu ya plaiwudi kwa gundi, na ulitoboe penye yale matundu matatu. Huo ni mto wa kupokea ncha za fimbo. Paka gundi pande zote mbili, ngoja ikaribie kukauka, ndipo ubandike. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, mbali na moto.

Hatua ya pili ni mkanda. Kata ukanda wa mpira wa ndani wenye upana wa sentimita 8. Urefu wake ni mzingo, yaani 66, pamoja na 4: sentimita 1 kwa unene, na 3 za kupandana. 66 + 4 = 70. Bandika ukanda huo kwa gundi nje ya mfuko, ukizunguka chini kabisa, ukingo wa ukanda ukilingana na ukingo wa turubai. Kisha ushone ukingo wa juu kwa msharasi, mishono mistari miwili. Ushone sasa, mbao zikiwa bado nje, maana mkono wako unahitaji kupita ndani.

Hatua ya tatu ni kuunga. Ingiza mbao kutokea chini, mto ukiangalia ndani ya mfuko, mpaka turubai lizidi mbao kwa sentimita 3. Kata hizo sentimita 3 kwa mikato midogo yenye umbo la V, ili zipate kukunjwa bila kufanya matuta. Zikunje juu ya mbao kama ngozi inavyovikwa ngoma, ukizivuta sawasawa pande zote. Zishike kwa gundi na misumari midogo. Misumari ya milimita 10 haitatokea upande wa pili wa mbao za milimita 12.

Hatua ya nne ni nyayo. Hapa ndipo tunapookoa fedha. Nimesema panapokwisha ni ukingoni. Basi hatuna haja ya kufunika kitako chote kwa mpira wa tairi, na tena ubavu wa gari dogo ni mwembamba, hautoi duara zima. Tutaweka nyayo nne ukingoni tu.

Chukua karatasi ngumu. Chora duara kwa uzi wa sentimita 11 na nusu. Msumari ukiwa pale pale, chora lingine la sentimita 6 na nusu. Umepata pete yenye upana wa sentimita 5. Igawe pete sehemu nne sawa, na upunguze nusu sentimita kila mwisho wa sehemu. Hicho ni kigezo chako. Kiweke juu ya ubavu wa tairi, chora, ukate nyayo nne. Lowesha kisu kwa maji ya sabuni, kitapita vizuri katika mpira. Kata kuelekea mbali na mwili wako.

Zipange nyayo juu ya mikunjo, upande wenye maandishi ya tairi ukiangalia ardhi. Zizidi ukingo wa mfuko kidogo, ili mfuko ukilazwa au ukitua upande, mpira utangulie na turubai lisiguse chini. Kati ya unyayo na unyayo ibaki nafasi ya sentimita 1, maji na matope yapite.

Funga kila unyayo kwa skrubu 3 zenye washa, sentimita 2 na nusu kutoka ukingo wa nje. Kwanza pima skrubu ubavuni mwa kazi yako: ipite mpira na kuingia sana katika mbao, lakini ncha isitokeze ndani ya mfuko. Kaza mpaka washa izame katika mpira. Ikibaki juu, itakwaruza sakafu na kung'oka upesi.

KUJARIBU

Usimpe mwenye mali kazi usiyoijaribu. Tia katika mfuko gunia dogo la mchanga la kilo 12. Uinue mpaka magotini na uuachie juu ya saruji mara 20. Angalia skrubu. Kisha mimina kikombe cha maji ndani. Maji yatoke yote. Kitako hiki chote si kizito, ni mzigo usiomlemea mchukuzi.

NI KIPI KILICHO NAFUU?

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kitako cha kwanza kinauzwa shilingi 600 na kinadumu miezi 2. Kitako cha pili kinauzwa shilingi 1,500 na kinadumu miezi 10. Kipi kina bei nafuu?

600 ÷ 2 = 300. 1,500 ÷ 10 = 150.

Cha kwanza kinamla mwenyewe shilingi 300 kila mwezi. Cha pili kinamla shilingi 150 tu. Kilichoonekana ghali ndicho nafuu. Fundi, mweleze mteja hesabu hii. Na kitako chetu kina faida nyingine: unyayo mmoja ukiisha, unafungua skrubu 3, unatia mwingine. Huna haja ya kubomoa kitako kizima. Mchukuzi naye aangalie skrubu kila juma na kuzikaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitako kikipasuka katikati ya mchezo, fimbo zitamwagika, na lawama itamwangukia aliyebeba, hata kama si yeye aliyeshona.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kipenyo: upana wa duara ukipita katikati.
Mzingo: urefu wa kulizunguka duara.
Kigezo: umbo la kufuatisha katika kukata.
Msharasi: sindano ya fundi wa viatu.

MASWALI

1. Kwa nini kitako hutoboka ukingoni kabla ya katikati?
2. Mfuko wa jirani yako una kipenyo cha sentimita 28. Mzingo wake ni ngapi? Mkanda wake uwe na urefu gani?
3. Kwa nini hatutumii ubavu wa tairi la lori?
4. Ulizeni bei za vitu vinane vya orodha yetu dukani kwenu. Ziandikeni, zijumlisheni, na mkubaliane darasani fundi aongeze kiasi gani kwa kazi ya mikono yake.

Jibu la swali la pili mtalihakikisha wenyewe kwa uzi: zungusheni uzi katika duara la sentimita 28, kisha mwupime kwa rula. Hesabu na uzi vikipatana, mmefaulu. Kwaherini, na kazi njema.