Simu ya Muuza Samaki na Jicho la Kodi

Katika simu ya mfanyabiashara wa Naivasha, pesa za biashara na pesa za nyumbani hulala kitanda kimoja. Tuseme ni mama anayeuza samaki Karagita. Asubuhi wateja humlipa kwa M-Pesa. Mchana, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina wa chama, michango ya wenzake wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua huingia kwa namba ileile. Jioni shemeji yake aliyeko Gilgil hutuma mchango wa mazishi. Afisa wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) akijumlisha vyote vilivyoingia, anaweza kuviita vyote mauzo na kuvikadiria kodi. Hapo kazi ya kuthibitisha kwamba makadirio yamekosewa ni ya mama huyo, kwani ndivyo inavyosema Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015.

Ndiyo maana faragha peke yake haimtoshi. Ibara ya 31 ya Katiba inamkinga dhidi ya kupekuliwa, na dhidi ya kudaiwa habari za familia au mambo yake binafsi pasipo lazima. Sheria ya kodi nayo inawafunga midomo maafisa kuhusu mafaili ya walipakodi. Mwaka 2012, katika kesi ya Samura Engineering dhidi ya KRA, Mahakama Kuu iliikumbusha mamlaka hiyo kwamba msako wa kodi nao uko chini ya ibara hiyo. Wabunge pia waliukataa mpango wa Muswada wa Fedha wa 2025 wa kuondoa katazo linalomzuia Kamishna wa KRA kudai siri za biashara na taarifa binafsi za wateja. Walifanya vyema. Lakini taarifa ya M-Pesa ikishafika mezani kihalali, siri haimsaidii tena muuza samaki, kinachomsaidia ni kupata nafasi ya kusema, “Hii ilikuwa ya mazishi.”

Nafasi hiyo inatokana na Ibara ya 47: hatua ya kiutawala iwe ya haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Haina maana kwamba kila mpelelezi lazima apige hodi. Mwaka 2022, katika kesi ya tume ya kupambana na ufisadi na wakili Tom Ojienda, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba wapelelezi wanaweza kupata kibali cha mahakama cha kukagua akaunti bila kumtangulizia mwenyewe notisi. Mwizi akiarifiwa mapema atahamisha pesa. Makadirio ya kodi ni jambo jingine: mlipakodi ana siku 30 za kuweka pingamizi, na Kamishna asipoamua ndani ya siku 60, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa.

Ila siku 30 hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Notisi nyingi huja kwa barua pepe iliyosajiliwa kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Wengi walifunguliwa PIN na kijana wa saiba, ambaye ndiye aliyebuni anwani na nywila. Kwa hiyo makadirio yanaweza kumfikia kijana huyo kabla ya mwenyewe, faragha na notisi zikapotea kwa mkupuo mmoja. Sheria inaruhusu kuomba muda zaidi wa kuweka pingamizi kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, na muuza samaki atalazimika kumshawishi Kamishna kwamba barua pepe asiyowahi kuifungua ni mojawapo.