Kichwa Kinachouma kwa Ghafla

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kueleza maumivu ya kichwa. Kichwa huuma, hugonga, huwanga. Na kipo kipandauso, kinachomfanya mtu auchukie mwanga. Hata hivyo, mgonjwa akisimama mbele ya kaunta ya duka la dawa mjini Thika, aghalabu husema maneno mawili tu, "Kichwa kinauma," naye muuzaji humpa vidonge vya kutuliza. Neno ambalo lingeweza kumwokoa, yaani "ghafla", hubaki kinywani.

Jirani yangu wa Ruiru, fundi cherehani, alikuwa kazini asubuhi moja alipohisi kana kwamba amepigwa nyundo kisogoni. Akatapika. Dukani akapewa vidonge; siku ya pili akauziwa dawa za malaria, ilhali hakuna aliyempima damu, na malaria si ugonjwa wa kila siku katika nyanda zetu hizi. Siku ya tatu akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka na damu kutanda juu ya ubongo. Yu hai, alhamdulillahi, lakini baadhi ya maneno yamempotea: huushika mkasi asiweze kuutaja. Nimesomesha isimu miaka mingi, ila uzito wa nomino moja niliujua nilipoketi naye.

Mwalimu wa sarufi angesema kwamba daktari hutafuta kielezi, si kitenzi. Maumivu yalianza vipi? Yalifika kilele baada ya muda gani? Kichwa kinachozidi polepole mchana kutwa kwa njaa au uchovu ni jambo jingine. Kinachofika kilele kwa sekunde chache au dakika moja, kikawa kikali kuliko chochote alichowahi kupata mtu, ni dharura, hata kikitulia baadaye. Mshipa uliovuja huweza kuvuja tena, hasa katika siku ya kwanza. Na kipimo cha CT huionyesha damu hiyo vyema zaidi katika saa 6 za mwanzo.

Asingoje pia mwenye homa na shingo ngumu, aliyepooza upande mmoja, ambaye ulimi umekuwa mzito, aliyepatwa na kifafa, au aliyegonga kichwa katika ajali ya bodaboda. Mja mzito anayeumwa sana na kichwa katika miezi ya mwisho huenda shinikizo lake la damu limepanda. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Nasi hatuko mbali na tiba. Thika ina hospitali ya Level 5, Ruiru ina yake, na tangu 2019 Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inapokea wagonjwa si mbali na barabara kuu ya Thika. Mgonjwa asiendeshe gari, wala asipandishwe bodaboda. Afuatane na mtu wa kumsemea, maana huenda akafika hajiwezi kusema. Naye msemaji aanze na "ghafla", ataje na saa yenyewe, ndipo aseme kichwa.