Kopo la Sukari Lililopandishwa Juu ya Kabati

Kopo la sukari la nyumbani kwetu lilikuwa na mahali pake tangu nipate akili: rafu ya kati, upande wa kulia, palipofikiwa hata na mtoto wa miaka sita. Mwaka jana likapandishwa juu ya kabati. Mama alikuwa amepimwa na kukutwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alipomuuliza anywa chai vikombe vingapi kwa siku, akajibu vitatu, kila kimoja vijiko vinne. Hakusema uongo, alisahau tu kile anachokaribishwa kwa jirani.

Hebu tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Vijiko vinne mara tatu ni 12. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, nazo ni kama vijiko vya chai 12, na kwamba ni bora zaidi aishie nusu ya hapo. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima wa afya, tena ni jumla ya vyote: chai, kaimati, sharubati na soda ya harusini. Mama alikuwa akimaliza fungu lake lote kikombeni, kabla hajaumega hamri.

Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Tulimpikia chai yake mbali, tukaitia katika chupa ndogo na kuifunga uzi mwekundu isichanganywe na yetu. Akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini. "Hii ni dawa," akasema, "si chai." Akaacha chai kabisa, na kwa kuwa asiyekunywa chai hana la kukaa akingojea, akaacha pia kuketi nasi barazani baada ya alasiri. Hilo ndilo lililotuuma. Haikupita wiki tukagundua kwamba huenda kwa jirani "kumjulia hali", na jirani yule alikuwa mzima wa afya.

Aliyetuokoa ni mjomba, mdogo wake Mama, aliyefanya kazi miaka mingi katika maghala ya chai ya Shimanzi. Aliionja chai ile ya uzi mwekundu, akakunja uso. "Dada hana kosa," akasema. "Chai hii mmeichemsha mpaka imechoka. Sukari ndiyo iliyokuwa ikiisitiri aibu yake."

Alisema kweli. Desturi yetu ilikuwa kutia maji, maziwa, majani na sukari sufuriani kwa pamoja, kisha kuviacha vitokote huku tukishughulika na mengine. Majani yetu ya Kenya kwa sehemu kubwa husagwa, huraruliwa na kusokotwa kwa mashine hadi yawe chembe ndogo, ili yatoe rangi na nguvu upesi. Dakika nne au tano zatosha. Yakizidi kuchemka hutoa ukakasi ule unaokausha ulimi, nasi hukimbilia kijiko.

Nacheka nikikumbuka kwamba haya tulifundishwa Mombasa, mji ambao chai ya nusu ya Afrika hupitia mlangoni mwake. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamia hapa mwaka 1969, na hata leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Malawi huuzwa hapa kila wiki. Waonjaji hupanga vikombe vyeupe safu kwa safu, huvuta kila funda kwa mvumo ili ladha ienee kinywa kizima hadi puani, kisha hutema. Sisi tuishio karibu na maghala hayo tulikuwa tukinywa maji matamu yenye rangi.

Basi Ijumaa moja mjomba akatuandalia vikombe vitano barazani. Cha kwanza kilikuwa chai ya mkandaa, kavu, iliyolowekwa kwa maji yaliyotoka kuchemka. Akamwambia Mama, "Vuta kwa sauti, dada." Mama akamtazama kama anavyotazamwa kichaa. "Mtu mzima hanywi chai kwa kelele," akajibu, akanywa kwa adabu zake.

Cha pili kilikuwa mkandaa ule ule uliokamuliwa ndimu, rangi ikafifia mbele ya macho yetu na watoto wakapiga makofi. Cha tatu kilikuwa chai ya kijani. Wengi hudhani huo ni mmea mwingine, kumbe mti ni mmoja. Jani linaloachwa lipigwe na hewa hadi ligeuke rangi ndilo huwa chai nyeusi. Linalopashwa moto mara baada ya kuchumwa hubaki kijani. Hili halitaki maji ya kutokota: birika likiisha kuchemka, liache lipumue dakika chache. Cha nne kilikuwa chai ya zambarau, aina iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Hiyo ikitiwa ndimu huelekea rangi ya waridi. Yapendeza kuitazama, ila kwa ulimi wangu ni nyepesi mno kwa hamri.

Kikombe cha tano ndicho kilichomrudisha Mama barazani. Mjomba alitwanga tangawizi mbichi, iliki na kipande cha mdalasini, akavichemsha kwanza kwa maji matupu. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijachemka huweza kuyakata, na nani kati yetu hajawahi kumwaga sufuria kwa sababu hiyo? Kisha maziwa, na majani mwisho kabisa. Iliki na mdalasini hazina sukari ya kutajika, lakini harufu yake humdanganya mnywaji kwa wema. Mama alikimaliza. Vijiko vyake tulivipunguza nusu kwa kila wiki, na baada ya wiki nane hakikubaki hata kimoja. Asali hatukuiweka badala yake, maana nayo ni sukari.

Lililobaki gumu ni ugeni. Kwetu, kumpa mgeni chai isiyokolea ni kama kumwambia hukumtarajia, na nyumba nyingi hutia sukari sufuriani kabla hajafika. Mama aliona haya kukataa, kwa hiyo alikunywa, na usiku akaumwa kichwa. Naomba jambo dogo kwa akina mama wenzangu: pikeni chai kavu, sukari ikae bakulini pembeni, kila mtu ajitilie. Heshima ya mgeni haitapungua, na hamjui ni yupi kati ya wageni wenu ameficha ugonjwa wake kwa haya. Na mkiwa na mja mzito nyumbani, chai yake ikae mbali kidogo na chakula, saa moja hivi, kwani huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga.

Wiki iliyopita nilinunua pakiti ya majani mengine kwa kuwa yale tuliyoyazoea yalikwisha dukani. Sikumwambia mtu. Mama alivuta funda la kwanza kwa mvumo, ule ule alioukataa, akashusha kikombe polepole.

"Haya si majani yetu," akasema. "Yamekaa dukani siku nyingi. Kayarudishe."