Heri Geji Iliyokufa

Kiwandani, fundi wa vipimo na vidhibiti hukumbukwa kitu kinapokwama: pampu imekataa kuwaka, vali haifunguki, kioo cha kompyuta kimezima. Hata hivyo, sehemu nyeti zaidi ya kazi yake hufanyika mitambo ikiwa inanguruma bila shida, kwani ni yeye anayethibitisha kwamba tarakimu anayoisoma mwendeshaji ndiyo hali halisi ndani ya bomba, tangi au boila. Viwanda vya Kisumu na ukanda wa ziwa vingepaswa kumthamini kwanza kwa ukaguzi huo, kisha kwa matengenezo. Kipimo kilichokufa hujulikana, kinachodanganya huaminiwa.

Vihisi vingi vya viwandani hutuma habari kwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20. Tangi tupu ni 4, lililojaa ni 20. Waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0, na chumba cha udhibiti hutambua papo hapo kwamba kuna hitilafu. Ila hakuna kengele inayolia kihisi kinapotuma 12 ilhali ukweli ni 8. Chukua boila ya kiwanda cha sukari. Kina cha maji yake mara nyingi hupimwa kwa kulinganisha kanieneo lake na la safu ya maji iliyo katika bomba dogo la nje. Bomba hilo likivuja, kihisi huonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Mtambo wa kujiendesha nao hutii: hupunguza maji yanayoingia huku moto ukiendelea, hadi mabomba yapate joto kupita kiasi na kupasuka.

Mahali penyewe pia huchangia. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko karibu nyuzi 96. Sukari hupikwa katika vyungu vilivyopunguzwa hewa ili isiungue, na geji ya kawaida huonyesha tu tofauti kati ya ndani na nje. Ikisoma sentimita 60 za zebaki, kanieneo linalobaki ndani ya chungu ni kama sentimita 16 kwenye pwani ya Kwale, lakini ni kama 6 tu huko Kibos, karibu na Kisumu. Anayenakili maagizo ya pwani atapika kitu kingine. Kwenye mitambo ya maji inayotegemea Ghuba ya Winam, ambako mwani hustawi, adui ni utando unaofunika vihisi. Kihisi cha klorini kikizibwa, kinaweza kusoma kiasi kidogo kuliko kilichomo, na dawa ikaongezwa pasipo haja.

Wapo watakaosema mwendeshaji mzoefu hujua boila yake kwa sikio na macho. Ni kweli, na uzoefu huo usidharauliwe. Lakini sikio halisikii tofauti ya miligramu 0.3 za klorini katika lita moja ya maji. Wengine watasema vihisi vya kisasa hujichunguza vyenyewe. Huchunguza saketi zao, naam, ila mara nyingi havina njia ya kujua kwamba bomba la nje limevuja. Pingamizi zito zaidi ni gharama, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kusimama kila wiki kwa ajili ya geji. Hakuna haja. Vipimo vinavyolinda uhai na ubora viorodheshwe kwanza, viwekewe pacha wa kulinganishwa naye mtambo ukiendelea, na vilivyobaki vingoje msimu wa kufunga kwa matengenezo. Vifaa anavyotumia fundi kukagua navyo vithibitishwe katika maabara ya vipimo, kama zile za Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Basi meneja asitosheke na ripoti ya vipimo vilivyoharibika. Aulize kila kilicho kizima kilikaguliwa lini, dhidi ya kipi, na nani aliyetia sahihi.