Mzee huyu, nani anamwita?

Mwezi huu tuongee jambo ambalo tumezoea kulinong'ona: wazee wetu wenye ugonjwa mzito wa akili.

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Walioingia na nguvu zao, leo ni wazee. Jirani yangu mmoja ni kati yao. Tangu ujana anasikia sauti ambazo wengine hatuzisikii. Nisiseme uongo, mimi pia nilikuwa nikizunguka njia ya mbali nisipite mlangoni kwake.

Dawa anapata, na sauti zimepungua. Kinachomuuma sasa ni kingine: hakuna anayemwita. Kukiwa na matanga, watu wanampita. Siku ya mgao anatumwa mjukuu. Watoto nao, "Kichaa huyo!" Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, nilimkosea nani?" Nikakosa jibu.

Jamani, ugonjwa huu hauambukizi. Na ile mikono inayotetemeka, ule mwendo wa kukakamaa, mara nyingi si pombe wala si mashetani. Dawa kama haloperidoli zinaweza kuleta hayo, na wazee huumia zaidi, wanaanguka. Mwelezeni daktari aangalie kipimo. Msikatishe dawa wenyewe. Ila mzee akichanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hajui yuko wapi, msiseme "ni kile kichaa chake." Inaweza kuwa malaria, au maji yamepungua mwilini. Mpelekeni zahanati siku ileile.

Mwaka 2015 WHO na UNHCR walitoa mwongozo kwa wahudumu wa afya katika mahali kama petu. Haukuishia kwenye vidonge: mgonjwa asaidiwe kurudi kwenye shughuli zake na kwa watu wake.

Kwa jirani yangu, shughuli hiyo ni kwaya. Zamani aliimba besi. Tulipomwita, mara tatu alikataa, ya nne akaja na kiti chake, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Siku ambazo kichwa ni kizito anaondoka katikati ya wimbo, na tumekubaliana hakuna wa kumfuata na maswali. Kesho yake mtu anapita kumsalimu, basi.

Jumamosi iliyopita aliingia ubeti wa tatu wakati sisi tuko wa pili. Tukacheka wote. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.